Chapa za baiskeli za milimani: zipi zilipanda, zipi zilishuka, na unasomaje fremu kabla hujatoa hela (Arusha na Moshi)

#1 Spana ya Kumi na Tano (Arusha)

Wakuu, salaam.

Humu jukwaani swali moja halikauki: "Nimeona Schwinn Kiboriloni, ni nzuri?" au "Kati ya GT na Giant nichukue ipi?" Kwa jina peke yake halijibiki. Majina haya yamekuwa yakiuzwa na kununuliwa kama viwanja. Baiskeli mbili zenye jina moja, ya 1994 na ya 2008, zinaweza kuwa hazina undugu wowote zaidi ya stika. Sisi tunazipokea zikiwa zimeshatumika Ulaya, Marekani na Japani, kwa hiyo pale sokoni miaka thelathini ya majina inasimama kwenye mstari mmoja na muuzaji anazitaja zote kwa sauti ile ile.

Naanza na mpangilio wa majina. Wataalamu wa magurudumu, breki na shokapu, jazieni.

Chanzo cha baiskeli za milimani ni Marin, California, miaka ya 1970, kwenye miteremko ya Mlima Tamalpais. Mashindano ya kushuka yaliyoitwa Repack yalianza Oktoba 1976, watu wakitumia baiskeli nzito za zamani. 1977 Joe Breeze akatengeneza fremu iliyobuniwa kwa kazi hiyo tu. 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly wakafungua duka lao, fremu zikitoka kwa Tom Ritchey. Zilikuwa chache na ghali. Aliyezifikisha kwa umma ni Specialized, na Stumpjumper ya 1981 iliyotengenezwa Japani. Mwaka uliofuata kampuni ya vipuri ya Shimano wakatoa Deore XT, seti ya kwanza ya gia na breki waliyoibuni kwa milima. Kuanzia hapo fundi yeyote mwenye fremu nzuri aliweza kuunda baiskeli kamili, na majina yakaongezeka kwa kasi.

Schwinn ndilo lililokuwa jina kubwa Marekani, na lilichelewa. Walipeleka kazi nyingi Taiwan kwa Giant, kampuni iliyoanzishwa 1972. Giant ikajifunza, ikaanza kuuza kwa jina lake, ikawa mtengenezaji mkubwa kuliko aliyempa kazi. Schwinn ilifilisika 1992 na tena 2001. Baada ya 2001 jina lilichukuliwa na Pacific Cycle, na sehemu kubwa ya baiskeli zake ikawa ya kuuzwa kwenye supamaketi kubwa. Mongoose ilipita njia hiyo hiyo. Kwa hiyo Schwinn ya chuma chepesi ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 inastahili heshima. Schwinn ya supamaketi yenye shokapu mbili, kilo zaidi ya 17 na gia 6 nyuma, ni ya kuiacha.

GT ilitamba miaka ya 1990 kwa fremu ya pembetatu tatu na modeli yake ya Zaskar ya alumini. Ikaunganishwa na Schwinn 1998, ikaanguka nayo 2001, ikauzwa tena na tena, na mwishoni mwa 2024 ikatangaza kusimamisha kutoa baiskeli mpya. Cannondale walifilisika 2003 wakainuka chini ya wamiliki wengine. Gary Fisher ilinunuliwa na Trek 1993. Klein na Bontrager wakafuata 1995. Ukikuta Fisher ya mwaka 2000 na kitu, umekuta Trek.

Muddy Fox ni la kuangalia sana kwenye mizigo ya Uingereza. Miaka ya 1980 lilikuwa jina la mbele kule. Baadaye likawa jina la baiskeli za bei ya chini kwenye maduka ya vifaa vya michezo. Tofauti utaiona ukiinua tu baiskeli kwa mkono mmoja.

Yaliyobaki juu kwa muda mrefu bila kuyumba sana ni Trek, Specialized, Giant, Merida na Scott. Merida ni ya Taiwan, ilianza 1972, na tangu 2001 ina hisa kubwa ndani ya Specialized. Kwa hiyo Merida ambayo watu wengi hapa wanaipita bila kuigusa inaweza kuwa kazi ya viwanda vile vile, kwa bei ndogo kwa kuwa jina halijazoeleka. Kwangu mimi Merida na Giant ndizo zinazonunuliwa chini ya thamani yake kuliko zote katika masoko yetu.

#2 Fundi Mbauda

Mleta uzi umeeleza vizuri. Naongeza namna ya kujua mwaka, maana jina bila mwaka halisaidii na muuzaji atakwambia "ni ya juzi".

Geuza direla ya nyuma (kile kifaa kinachohamisha cheni kwenye gia), tazama sehemu ya ndani. Shimano waligonga herufi mbili ndogo. Ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi. A ni 1976, B ni 1977, mnaendelea hivyo hadi Z ambayo ni 2001. Kisha duru inaanza upya: A ni 2002, B ni 2003. Mwezi: A ni Januari, L ni Desemba. Mfano, VC ni Machi 1997. KE ni Mei, ama 1986 ama 2012. Hapo hesabu gia: kama nyuma kuna gia 9 au 10, haiwezi kuwa 1986.

Usiamini herufi za sehemu moja tu, direla hubadilishwa. Soma direla, kranki (mikono ya pedali), mikono ya breki na habu (kitovu cha gurudumu). Tatu zikikubaliana ndani ya mwaka mmoja, hiyo baiskeli bado ina vifaa vyake vya kiwandani. Zikipishana miaka kumi, imeungwaungwa. Imeungwaungwa haimaanishi mbaya, ila bei ishuke.

Ngazi ya Shimano kutoka chini kwenda juu: Tourney, Altus, Acera, Alivio, Deore, SLX, XT, XTR. Zamani mahali pa SLX palikuwa na LX. Kuanzia Alivio kwenda juu direla inavumilia vumbi la huku. Tourney ikishalegea kwenye maungio haikazwi, inabadilishwa.

#3 Nyota ya Rau (Moshi)

Kwenye magurudumu ndipo hela za watu zinapotea, naomba nikae hapo kidogo.

Hadi miaka ya 2000 karibu kila baiskeli ya milimani ilikuwa na gurudumu la inchi 26. Gary Fisher ndiye aliyeisukuma 29 sokoni mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu wakiikataa. 2012 mwendesha baiskeli Nino Schurter wa timu ya Scott akawa anashinda mbio za kombe la dunia kwa 27.5. Ndani ya miaka michache makampuni makubwa yakaacha 26 kwenye baiskeli za watu wazima. Ndiyo maana 26 nzuri sana za miaka ya 1995 hadi 2012 ziliachwa na wenyewe zikaingia kwenye makontena. Kuporomoka kwa 26 huko ni faida kwetu, kwa sababu tairi na tyubu za 26 zipo hadi vijijini Kibosho na Uru.

Lakini usisome "26" tu. Soma namba ya milimita ubavuni mwa tairi, ile yenye kistari katikati, kama 50-559. Ya pili ndiyo kipenyo cha rimu:

559 ni 26 ya milimani.
584 ni 27.5.
622 ni 29, na ndiyo hiyo hiyo 700 ya baiskeli za lami, na pia "28" nyingi za Uholanzi na Ujerumani.
590 ni 26 x 1 3/8, ya baiskeli za akina mama za Kijapani.
635 ni 28 x 1 1/2, ya Phoenix, Hero na Avon.

Tairi ya 559 haitaingia kwenye rimu ya 590 hata fundi awe na nguvu gani, na zote zimeandikwa 26. Vile vile "28" ya Phoenix haiingiliani na "28" ya Mdachi: tofauti ni milimita 13 za kipenyo. Tairi kubwa ukiilazimisha kwenye rimu ndogo itakaa, itajaa upepo, kisha itachomoka kwenye mteremko.

Mwenye 29 asikate tamaa. Tyubu ya 700 yenye upana wa 35 hadi 45 inakaa kwenye 29 kwa dharura, ila mpira unakuwa mwembamba na miiba ya migunga inaupenya haraka. Tairi lenyewe la 29 lenye meno ndilo la kutafuta kwa kuagiza.

Kitu kingine ni valvu. Nyembamba ndefu inahitaji tundu la milimita 6.5 kwenye rimu, ya gari milimita 8.5. Vituo vya mafuta vina pampu ya valvu ya gari tu. Nunua kile kijungio kidogo cha shaba, kifunge kwenye valvu nyembamba, kisha jaza. Kutoboa rimu ili tundu liwe kubwa kunakubalika kwenye rimu pana ya 26 ukilainisha kingo kwa tupa. Kwenye rimu nyembamba usifanye, ufa unaanzia hapo hapo.

#4 Kijana wa Sakina

Dada Nyota, asante sana. Swali: kuna GT, kuna Trek zenye stika mpya kabisa, fremu nzito, zinauzwa kama original. Mtu anatambuaje?

#5 Fundi Mbauda

Mdogo wangu, fuata hatua hizi hapo hapo sokoni, hazichukui dakika kumi.

Chukua sumaku ndogo. Ikishika fremu, ni chuma. Chuma si kosa, baiskeli nyingi nzuri za chapa za Marin na Kona ni za chuma, lakini chuma kizuri huwa na stika ya aina ya bomba, kama Tange au Reynolds, na ukigonga kwa kucha katikati ya bomba kinalia sauti nyembamba. Bomba zito lisilo na stika yoyote, linalia kwa sauti ya kuziba, ni chuma cha kawaida.

Geuza baiskeli, soma chini ya beringi za kranki. Namba ya fremu iwe imegongwa kwenye chuma chenyewe, si kibandiko.

Tazama pale ekseli ya nyuma inaposhikwa. Fremu ya maana ina kipande kinene kilichochongwa, na sikio la direla mara nyingi linafunguka kwa skrubu kwenye alumini. Fremu ya bei rahisi ina bati bapa lililopondwa mwisho wa bomba, na direla imening'inizwa kwa bati jingine lililobanwa na nati ya ekseli.

Mwisho, chomoa gurudumu la nyuma. Tazama pete ya katikati yenye meno ya kuingiza kifunguo. Zungusha gia kinyumenyume. Pete ikizunguka pamoja na gia, hiyo ni kaseti (gia zilizovishwa juu ya habu). Pete ikisimama gia zikizunguka, hiyo ni friwili (gia zilizofungwa kwenye habu kwa nyuzi). Kwenye friwili goroli ya upande wa kulia inakaa mbali ndani, ekseli inabaki bila egemeo, na kwa barabara za Ngaramtoni kwenda Olmotonyi inapinda au kukatika. Ukikuta friwili kwenye baiskeli iliyoandikwa jina kubwa la mashindano, stika inaweza kuwa imekuja baadaye.

#6 Kibo Kaskazini (Moshi)

Natofautiana kidogo na mleta uzi. Umeweka Cannondale kwenye kundi la walioanguka wakainuka, sawa, lakini kwa mnunuzi wa hapa tatizo la Cannondale si kufilisika. Ni vipimo vyao. Fremu zao nyingi za kuanzia miaka ya 1990 zina bomba la mbele pana kwa ajili ya shokapu yao ya Headshok, na nyingine zina Lefty yenye mguu mmoja. Shokapu ikifa, ya kawaida yenye shina (bomba linaloingia kwenye fremu) la inchi 1 1/8 haikai bila vikombe vya kupunguzia. Lefty nayo ina habu yake peke yake, gurudumu jingine haliingii. Fremu nzuri sana, lakini Moshi ukiinunua jua umefunga ndoa na kuagiza vipuri nje.

Hapo ndipo naona ubora wa jina kwa mazingira yetu: je, vipimo vyake ni vya watu wote? Trek, Giant, GT na Specialized za 1995 hadi 2010 kwa kiasi kikubwa ni hivi: shina 1 1/8, habu ya nyuma milimita 135, beringi za kranki za kufunga kwa nyuzi upana 68 au 73. Vyote hivyo vinaazimana. Kwenye zile za nyuzi, kikombe cha upande wa cheni kina nyuzi za kinyume, kinafunguka kwa kuzungusha kuelekea inakoenda mishale ya saa. Mafundi wanaolazimisha upande wa kawaida wameua fremu nyingi.

Kuanzia miaka ya 2010 makampuni mengi yalikimbilia upana mpya: nyuma 142, kisha 148, shina la mbele linalopanuka chini, beringi za kubana bila nyuzi. Zikiwa mpya zinaendeshwa vizuri mno. Zikifika hapa zikiwa na miaka kumi, beringi za kubana zinalia kwa vumbi, na fundi hana kifaa cha kuzitoa zaidi ya nyundo.

#7 Spana ya Kumi na Tano

Mkuu Kibo, nakubali kabisa, na hoja ya vipimo ina uzito kuliko historia yangu.

#8 Nyota ya Rau

Breki hazijaguswa na huku kwetu ndizo zinazoamua. Kutoka geti la Marangu, mita 1,800 na kitu, hadi Moshi mjini unashuka karibu kilomita nzima ya wima. Ni mtihani wa breki yoyote.

V-breki, zile za mikono miwili mirefu inayobana rimu, zilitoka 1996, na zinatosha ukiwa na rimu nzima. Tatizo la Machame na Kibosho ni tope lenye mchanga: linakwangua ubavu wa rimu. Pitisha kidole. Ubavu ukiwa umebonyea kuingia ndani, rimu imekwisha hata kama gurudumu limenyooka, na inaweza kupasuka ukijaza upepo. Halafu V-breki inataka mkono wake wenye mvuto mrefu. Mkono wa breki za zamani za waya wa katikati unavuta kidogo, breki inakuwa laini na haishiki.

Diski za mafuta: soma kifuniko cha mkono wa breki kabla hujaongeza chochote. Shimano, Tektro na Magura ni mafuta ya madini. Avid, SRAM nyingi na Hayes za zamani ni DOT, yaani mafuta ya breki za magari. Maduka ya spea za magari yana DOT 3 na DOT 4 tele, na ndiyo maana Shimano nyingi zinakufa mikononi mwa mafundi: DOT inavimbisha mipira ya ndani, mkono unakwama, pistoni hazirudi. Shimano hawauzi hiyo mipira, unabadilisha mkono na kalipa (kile kibano cha diski). Kwenye Avid iliyoandikwa DOT 5.1, DOT 4 inafaa. DOT 5 isiyo na nukta ni ya silikoni, usiitie kamwe.

Sahani ya diski ya Shimano ikiwa mpya ni milimita 1.8, ikifika 1.5 itupe. Padi ikibaki nusu milimita, badilisha. Padi za chuma zinadumu zaidi kwenye tope kuliko za utomvu, lakini soma sahani kwanza: iliyoandikwa kuwa ni ya padi za utomvu tu ni laini, padi ya chuma inaila haraka.

Kwa anayeishi mbali na mjini napendekeza diski ya waya, kama Avid BB7. Hakuna mafuta, waya unapatikana popote, na padi zote mbili zinasogezwa kwa mkono.

#9 Mwanaheri (Moshi)

Habari zenu. Kuna GT Avalanche hapa soko la Memorial. Direla imeandikwa WF, kranki WE, gia 3 mbele na 8 nyuma, V-breki, gurudumu 26. Sumaku haishiki. Shokapu ya mbele ukiibonyeza haishuki kabisa. Jirani yake kuna Mongoose ya shokapu mbili, diski za waya, gia 7, inang'aa, bei moja. Nishaurini.

#10 Fundi Mbauda

Dada Mwanaheri, W ni 1998, F ni Juni, E ni Mei. Vinakubaliana, kwa hiyo hiyo GT ni ya kabla ya anguko la 2001, na fremu ni alumini. Iache Mongoose. Shokapu ya nyuma ya baiskeli ya namna hiyo ni springi tupu, inakula nguvu zako kwenye kila kilima cha Uru, na bushi zake zikilegea gurudumu la nyuma linatikisika.

Shokapu kugoma: nyingi za miaka hiyo ndani zina vipande vya mpira badala ya springi. Baada ya miaka ishirini na kitu mpira unakauka kuwa mgumu au unageuka ugoro. Vipande hivyo havipatikani. Usitoe hela kuifufua.

#11 Kibo Kaskazini

Badala yake weka fomu ngumu ya chuma (uma wa mbele usio na shokapu) yenye shina la 1 1/8 lisilo na nyuzi, yenye vishikio vya V-breki. Angalia urefu, kutoka katikati ya ekseli hadi pale inapokaa beringi ya chini. Shokapu ya milimita 80 ya gurudumu la 26 huwa karibu milimita 450. Ukiweka fomu fupi ya 390, pua inashuka, usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi na kwenye mteremko unakurusha. Tafuta kati ya 430 na 450. Wala usiweke shokapu ya 120 ukidhani umeipandisha cheo, inavuta bomba la mbele kwa nguvu ambayo fremu ya 1998 haikuundwa kuibeba.

Cheni pia. Chukua rula ya inchi, weka sifuri katikati ya pini moja. Pini ya ishirini na nne baada yake iwe kwenye inchi 12 kamili. Ikipita kwa 1/16, badilisha cheni tu. Ikipita kwa 1/8, kaseti nayo imekwenda, na ukifunga cheni mpya itaruka kwenye meno ya zamani. Ya gia 8 ni rahisi kupata, na ni ile ile ya gia 6 na 7.

#12 Mwanaheri

Asanteni sana kaka zangu. Fremu niikague wapi hasa kabla sijalipa?

#13 Fundi Mbauda

Futa tope kwa kitambaa kibichi, kisha tumia tochi ya simu. Sehemu tatu: chini ya bomba la mbele linapoungana na bomba la chini, pale bomba ndogo za nyuma zinapolivuka bomba la kiti, maana ndiyo ile pembetatu ya tatu ya GT, na kuzunguka ungio la beringi za kranki upande wa cheni. Ufa wa alumini unaonekana kama unywele mweusi kwenye rangi, ukipitisha kucha inakwama. Ukiuona, ondoka. Alumini ikichomelewa kienyeji bila kurudishiwa ugumu wake kwa joto, inapasuka pembeni ya kichomeleo. Chuma kingekuwa na nafuu, kwa wachomeleaji wa Unga Limited hapa Arusha kinarudi.

La mwisho, legeza lile bomba linalobeba tandiko ulizungushe. Likizunguka, lichomoe utazame alama ya kina cha chini, lifute, paka grisi ulirudishe. Likigoma kabisa, limeshikana na fremu kwa kutu nyeupe, na kulitoa kunaweza kukugharimu fremu yenyewe. Hapo mwambie muuzaji alitoe yeye kwanza, ndipo mzungumze bei.